Saa ambazo hazimo kwenye ratiba

Haya jamani asanteni, asanteni, kaeni tu. Mwenyekiti kaniambia niongee kuhusu raha na karaha za kusafiri kikazi, na nikiangalia humu ndani naona watu wa aina mbili, wale ambao begi lao halijawahi kufunguliwa likaisha, lipo tu pembeni ya kitanda nusu limepangwa nusu halijapangwa, na wale wanaowaonea wivu hao wa kwanza. Nyie wa pili nawaambia mapema, sijaja kuwavunja moyo. Wivu wenu uko sahihi. Safari hizi zina raha yake, na anayekwambia hazina raha hata kidogo muulize mbona akitajwa kwenye safari nyingine anakuwa wa kwanza kujibu imeili.

Ninalotaka kusema ni moja, mengine yote nitakuwa nazunguka hapohapo. Chukua ratiba ya safari yoyote ya kikazi, ile karatasi mnayotumiwa. Kuondoka saa fulani, kufika saa fulani, kikao, chai, kikao, chakula, kikao, kurudi. Sasa mimi kila nikipiga hesabu ya mambo mazuri yaliyonitokea safarini, na mabaya pia, nakuta karibu yote yametokea kwenye saa ambazo hazimo kwenye karatasi ile. Vikao ni vikao, popote duniani kuna mtu anasoma slaidi alizoandika yeye mwenyewe na kuna mtu mwingine anasinzia. Utamu uko pembeni na uchungu uko pembeni, ila bajeti inalipia katikati tu.

Nianze na raha, maana tukisimama mahali kama hapa wengi tunaanza na malalamiko, foleni, kuchelewa, sijui viti vimebana, mpaka msikilizaji anajiuliza kama ni mateso hivo si uache kazi.

Kila mtu humu ana mtu mmoja wa ofisi nyingine ambaye imeili zake zinakera. Mistari miwili, hana salamu, hana asante, "hii imefikia wapi?", na mabosi wote kawaweka kwenye kopi. Unamchukia miezi na miezi na hujawahi hata kuona sura yake. Halafu siku unasafiri unakutana naye, unakuta ni mtu mpole kabisa, anaandikia kwenye simu akiwa amesimama ndani ya treni, au ile lugha mnayoandikiana si yake anaogopa kukosea ndo maana anafupisha. Mi nilikuwa na wangu wa hivo. Tulikutana nje ya ukumbi tunasubiri lifti, lifti imegoma kuja, tukabaki tumesimama pale kila mtu anaangalia namba za juu ya mlango, ikabidi tuongee. Kulikuwa na jambo limekwama kati ya ofisi zetu msimu mzima, limeandikiwa imeili zisizo na idadi, akaniangalia akasema "kwani nyie mnachotaka si takwimu za mwaka jana tu?" nikamwambia ndio, ni hizohizo, akasema "mbona hamkusema hivo, nakutumia leo." Na alituma kweli, kabla hata ya chakula cha jioni. Lifti yenyewe sikumbuki kama ilikuja au tulishuka kwa ngazi.

Sasa nambieni, hiyo iliandikwa wapi kwenye ratiba?

Na hili si hisia zangu tu. Mwaka 2022 watafiti wawili, Melanie Brucks na Jonathan Levav, walichapisha kazi yao kwenye jarida la Nature. Waliwapanga watu wawiliwawili wakawapa kazi ya kubuni mawazo mapya, wengine wakiwa chumba kimoja, wengine kwa video kolu, na wakarudia hilohilo kwa wahandisi wa kampuni iliyo na ofisi kwenye nchi 5. Wa video walitoa mawazo machache zaidi. Sababu waliyoiona ni macho. Ukiwa kwenye video macho yanaganda kwenye skrini, na macho yakibanwa na akili nayo inabanwa, wakati chumbani jicho linazurura, mara ukutani mara dirishani, na katika kuzurura huko wazo linaingia. Lakini ilipofika kwenye kuchagua, yaani kati ya mawazo haya lipi ndo zuri, watu wa video hawakuwa nyuma hata kidogo. Mimi hilo nimeligeuza kuwa kipimo changu. Mtu akiniita nisafiri kwenda kupitisha jambo ambalo tayari limeshaandikwa, namwambia tupige video. Akiniita kwenda kutafuta jambo ambalo bado halipo, nafunga begi. Mwaka 2020 dunia nzima ilikaa ndani na safari nyingi zikafutwa, na ukweli ambao mabosi wengi hawaupendi ni kwamba zile za kwenda kusaini na kupiga picha hakuna aliyezikumbuka.

Raha nyingine siisikii ikisemwa sana, labda watu wanaona aibu. Ni ile ya kutojulikana. Kikao kimeisha, jioni, mji haukujui, hakuna anayekuita jina, hakuna anayekudai, hakuna wa kukuuliza mbona umepita kimya. Kama njia ni salama mi huwa natembea kwa miguu kurudi hotelini badala ya kupanda gari la wenzangu, nawaangalia watu wa mji ule wakitoka makazini kwao, mzazi anamvuta mtoto mkono mtoto hataki, kijana anacheka peke yake na simu, mtu amesimama kwenye taa za barabarani amebeba keki kwa mikono miwili anaogopa kuvuka. Hilo nalipenda kuliko kivutio chochote cha watalii. Na vivutio vyenyewe tuwe wakweli tunaviona kwa kioo cha teksi. Mtu anakuuliza ukirudi, eh umefika kule, pakoje? Unamjibu pazuri sana, wakati ulichokiona kwa utulivu ni kapeti la ukumbi wa mikutano na mapazia yaliyofungwa mchana kweupe ili slaidi zionekane.

Halafu kuna hii ndogo, wazazi wa watoto wadogo wataielewa, chumba chako peke yako, kitanda kimetandikwa na mtu mwingine, mlango umefungwa na hakuna atakayeugonga saa kumi na moja alfajiri anatafuta kiatu. Naona kuna watu wanacheka kule. Ndio, inaruhusiwa kuipenda hiyo, haimaanishi huwapendi.

Ila sasa huo usingizi wenyewe.

Mwaka 2016 watafiti wa Brown University kule Marekani waliwalaza watu maabara wakawapima ubongo. Wakakuta usiku wa kwanza mahali pageni upande mmoja wa ubongo, wa kushoto, haulali sawasawa na mwenzake, unabaki macho kama mlinzi wa zamu, kisauti kidogo cha ajabu tu unakuamsha. Usiku mwingine ukilala palepale, hali inakuwa ya kawaida. Sasa angalia safari zetu zilivyopangwa, unafika jioni, kikao asubuhi, unarudi jioni yake, yaani usiku unaolala ni ule wa kwanza tu, kila safari. Kampuni imemtuma mtu mzima ukumbini ikampata aliyelala nusu kichwa.

Na mnajua ule usiku unavyokuwa. Saa tisa unaamka unataka maji, swichi haijulikani iko wapi, unapapasa ukuta, unabonyeza kitu unasikia feni ya bafuni inaanza kunguruma, unabonyeza kingine pazia linajifungua lenyewe, unagonga kidole cha mguu kwenye ile benchi ya kuwekea mabegi, na kwenye televisheni kuna kijitaa chekundu kinakuangalia. Ukishapata maji usingizi umeshakimbia, unashika simu, unakuta imeili za ofisini ambako sasa hivi ni mchana, unaanza kujibu. Asubuhi watu wanasema huyu mchapakazi jamani, anajibu saa tisa usiku.

Ukivuka majira ya saa ndo balaa zaidi. Mwili una saa yake ndani ya ubongo, kikundi kidogo cha seli kinachoongozwa na mwanga, na kwa watu wengi mzunguko wake unazidi saa 24 kidogo. Ndo maana ukienda magharibi, siku inarefuka, mwili unavumilia, lakini ukienda mashariki unaulazimisha ulale kabla haujataka kulala, unagoma. Makadirio ya kawaida ni kwamba unahitaji siku kama moja kwa kila saa moja ya tofauti. Sasa piga hesabu, tofauti saa 7, safari siku 3. Mwili haujafika bado na wewe unarudi. Kwa safari fupi za namna hiyo wengine wanaamua kubaki na saa za nyumbani kabisa, wanakula na kulala kwa saa zao kadiri kikao kinavyoruhusu, na si ujinga, ni ushauri unaotolewa na wanaojua mambo ya usingizi. Ukikaa zaidi basi tumia mwanga, mwanga wa asubuhi unauvuta mwili uwahi, mwanga wa jioni unauchelewesha, kwa hiyo usijifungie chumbani na mapazia eti unapumzika.

Ndani ya ndege yenyewe sitakaa sana. Presha ya hewa mle ni ile ya mtu aliyepanda mlimani mita 1,800 mpaka 2,400 hivi, unyevu mara nyingi hauzidi asilimia 20, midomo inakauka, pua inakauka, chakula kinakosa ladha hata akipika nani, maana ulimi na pua yako ndo vimepungua nguvu. Kunywa maji. Na simama utembee. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti mwaka 2007 kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa inapanda kama mara 2 ukisafiri saa 4 au zaidi umekaa bila kujongea, na si ndege peke yake, basi, treni, gari, vyote. Kwa mtu mwenye afya hatari bado ni ndogo, kama mtu 1 kwa 6,000, sisemi muogope, nasema usimuonee haya jirani wa kiti cha pembeni. Mi ndo yule jirani wa dirishani anayewainua wenzake, wanisamehe tu.

Begi sasa. Hapa nitawapa sheria moja maana wengi hawaijui. Kuna mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaohusu safari nyingi za ndege za kimataifa. Begi lisipofika ndani ya siku 21 tangu siku lilipotakiwa kufika, linahesabiwa limepotea na unaweza kudai. Likifika limeharibika una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Siku 7, na kwa maandishi, sio kumwambia yule dada wa dirishani ukaondoka ukiamini ameelewa. Ila sheria haitakuvalisha shati kesho asubuhi, kwa hiyo nguo ya kikao, dawa na chaja ziwe mkononi siku zote. Pawabenki nayo ni ya mkononi, kwenye begi la chini hairuhusiwi kwa sababu betri zile zikishika moto huko chini hakuna wa kuziona. Mnaijua ile hali ya kusimama kwenye mkanda wa mizigo, watu wanapungua mmoja mmoja, unabaki wewe na wenzako wawili mnaoneana huruma bila kuongea, na lile boksi moja limefungwa gundi ya kahawia ambalo halina mwenyewe linapita, linapita tena. Mkanda ukisimama, wale wenzako nao wanaanza kuondoka kuelekea dirishani, na hapo ndo unajua kesho utahutubia na raba za safari.

Pesa. Jamani hili naomba wahasibu mnisikilize bila kununa. Sehemu nyingi mtu anasafiri kwa pesa yake, analipa hoteli kwa kadi yake, analipa teksi, halafu anarudi anajaza fomu anasubiri arudishiwe, wiki, mwezi, na zaidi. Kaeni mfikirie maana yake. Mfanyakazi mwenye mshahara mdogo kuliko wote kwenye msafara ndiye anaikopesha kampuni, bila riba. Bosi hana shida, bosi ana kadi ya ofisi. Nimeona vijana wanakataa safari nzuri kabisa, safari ambayo ingewafungulia milango, wanasema wana dharura ya kifamilia, na dharura yenyewe ni kwamba akaunti haina kitu na wanaona aibu kusema. Hiyo nayo haimo kwenye ratiba. Toeni posho kabla mtu hajaondoka, haiwezekani hilo likawa gumu kiasi hicho. Na nyie wasafiri, zile risiti za mashine ni karatasi inayochapwa kwa joto, ukiiacha kwenye gari au kwenye pochi miezi miwili inafutika inakuwa nyeupe peh. Piga picha siku hiyohiyo. Mhasibu hawezi kulipa karatasi nyeupe hata akikupenda vipi.

Haya, nyumbani. Hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Ukiwa safarini habari za nyumbani zinakufikia zimechoka. Unapiga simu jioni, unamuuliza mtoto shule vipi, anasema "poa." Basi. Unaona huyu mtoto hana maneno siku hizi. Maneno anayo, keshayamaliza, kasimulia mara ya kwanza akiwa anahema mlangoni na viatu mguuni, wewe hukuwepo, kasimulia mara ya pili mezani, mpaka inafika zamu yako hadithi imebaki neno moja. Na huwezi kumlaumu, hata mtu mzima hasimulii kitu kimoja mara nne kwa moto uleule. Dawa niliyoipata mimi ni kupiga mapema, dakika zile anapoingia tu, hata kama niko kwenye korido na kikao kinaendelea ndani, naomba ruhusa natoka. Wanaonishangaa wanishangae.

Na mwenzako je? Mwenzako siku nzima bomba limepasuka, mtoto ana joto, fundi haji, na wewe unapiga video umekaa hotelini nyuma yako kuna kitambaa cheupe cha meza na glasi tatu za mtu mmoja. Umechoka kweli, umekaa vikaoni tangu asubuhi, lakini picha inayoonekana kule haisemi umechoka. Mtaanza kubishana nani amechoka zaidi na ubishi huo hauna mshindi kwa sababu wote mnasema kweli. Ushauri wangu, na naomba msinicheke, geuza kiti uketi na ukuta mtupu nyuma yako. Halafu sikiliza kwanza habari ya bomba mpaka iishe.

Kurudi ndo kugumu kuliko kuondoka, hilo hatuambiwi. Nyumba haikusubiri. Ilijifunza kwenda bila wewe, na ilibidi, rimoti imehamia droo nyingine, mtoto analala saa tofauti, kuna utani mpya ambao wote wanaujua isipokuwa wewe. Unaingia mlangoni na begi, umejaa hadithi, na ndani ya saa moja umeshaanza kuamrisha, mbona hiki kiko hapa, nani karuhusu hivi. Siku mbili za kwanza usiamrishe kitu. Uliza. Osha vyombo. Na ofisi nayo inakutaka kesho asubuhi saa mbili kamili na ripoti ya safari, yaani nyumbani unafika umebakiza mabaki tu.

Wasio na familia msidhani nimewasahau, nyie mna yenu. Marafiki wanaacha kukualika. Si kwa ubaya, mara ya kwanza wanakualika uko safari, ya pili uko safari, ya tatu wanasema "tulijua haupo," na siku hiyo ulikuwepo, ulikuwa nyumbani unaangalia dari. Huwa nawaambia vijana watangaze kurudi kwao, aibu iko wapi, mtu aandike kwenye grupu "nimerudi, nipo mpaka Jumapili ya wiki ijayo." Watu hawasomi mawazo.

Kuna waliopima haya mambo. Mwaka 1997 ulitoka utafiti juu ya wafanyakazi wa Benki ya Dunia, ukalinganisha madai ya bima ya afya ya wanaosafiri na wasiosafiri. Wanaume wanaosafiri madai yao yalizidi kwa asilimia 80, wanawake kwa asilimia 18. Na si matumbo na homa tu kama mtu angetegemea, matatizo ya kisaikolojia yalikuwemo. Mwaka 2018 Andrew Rundle wa Columbia University na wenzake wakaangalia watu wanaolala nje usiku 14 au zaidi kwa mwezi, wakawalinganisha na wa usiku 1 mpaka 6. Wale wa 14 walikuwa na dalili zaidi za wasiwasi na sonona, usingizi mbovu, wanavuta zaidi sigara, hawafanyi mazoezi. Utafiti wa namna hiyo hausemi safari ndo imewafanya hivo moja kwa moja, na mi sitasema. Ila namba yenyewe inanitosha kuwa na la kumwambia bosi. Usiku 14 ni nusu ya mwezi, mkubwa, si safari tena hiyo, ni makazi bila anwani.

Kabla hatujajihurumia kupita kiasi lakini, tukumbuke kuna ambao safari ndo kazi yenyewe. Madereva wa malori, wahudumu wa treni, mabaharia. Baharia analindwa na mkataba wa kazi za baharini wa mwaka 2006, na hata huo unachokataza ni kukaa melini mfululizo kufikia miezi 12. Miezi, ndugu zangu. Na mwaka 2020 mipaka ilipofungwa, mabaharia kama 400,000 walikwama melini mikataba yao imeshaisha, hakuna bandari inayowashusha, na bidhaa madukani kwetu ziliendelea kufika. Kwa hiyo mtu wa siku tatu hotelini akilia sana, alie kwa kiasi.

Sasa nyie mnaopanga safari za wenzenu, maana naona mpo humu, watu wa utawala, makatibu, waandaaji wa mikutano, naomba niwageukie. Mkitutumia ratiba imejaa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni, halafu chakula cha pamoja chenye hotuba, halafu asubuhi tena, mmeua kile mlichotulipia nauli kukifuata. Acheni tundu. Mchana mmoja mtupu. Msiuite jina, msiweke mwezeshaji, mkiweka mwezeshaji umekuwa kikao. Waacheni watu wasimame kwenye korido wagombane na lifti.

Na tiketi. Najua mnatafuta ya bei poa na ni kazi yenu. Lakini ile inayotua saa nane usiku, ikawa nafuu kidogo kuliko ya saa kumi jioni, kuna mtu atasimama nje ya uwanja saa tisa kasoro na begi peke yake kwenye mji asioujua, simu ina chaji asilimia sita, anaangalia magari anajiuliza lipi ni teksi na lipi si teksi. Dada zangu humu wanajua ninachosema, nimeona vichwa vinatikisika. Wengi wao ukiwauliza watakwambia wameshawahi kulipa tofauti mfukoni kwao ili wafike kukiwa na mwanga, na hawakuandika popote kwa sababu fomu haina sehemu ya kuandika hofu. Muulizeni mtu saa anayotaka kufika kabla ya kukata tiketi. Mpeni namba ya mtu mmoja anayepokea simu usiku, mtu, sio ofisi. Na mkimrudisha usiku, kesho yake msimhesabie kama siku ya kazi, maana safari yake bado haijaisha, bado anatoa chaja kwenye mfuko wa koti na kutafuta funguo alizozificha mwenyewe.

Mwenyekiti naona ananionyesha saa yake kwa mara ya pili, ya kwanza nilijifanya sijaona. Basi tuingie kwenye maswali, kipaza sauti kinazunguka. Yule kaka wa mstari wa nyuma umenyoosha mkono tangu nilipotaja wahasibu na hujaushusha, kama wewe ni mhasibu anza, ila useme kwanza pesa za safari ya mwezi uliopita zinatoka lini.